Lisbon kwa Wawili: Vilima, Pweza na Dhahabu ya Kilwa

Ukisema unampeleka mwenzi wako Ulaya, kila mtu atakutajia Paris. Sawa, Paris ina jina lake. Lakini kama mnatafuta mji mkuu wenye jua, wenye mitaa ya kupendeza na chakula ambacho mtu wa Pwani hatakishangaa, fikirieni Lisbon, Ureno. Mimi na mume wangu tulikaa huko siku saba. Tulichoka miguu, tukashiba, na kuna kitu kimoja tulikiona ambacho mpaka leo tunakizungumzia mezani.

Mji huu umekaa kando ya mto Tejo, juu ya vilima ambavyo wenyeji wanasema ni saba. Mkihesabu kwa magoti mtasema ni sabini. Kwa hiyo dada, viatu vya visigino viache nyumbani. Mawe ya njiani yanateleza hata siku ya jua.

Mahali pa kulala

Mambo yote yanaanzia hapa, kwa sababu kilima mtakacholala ndicho mtakachokipanda kila jioni. Wenye kupenda urahisi wakae Baixa, katikati ya mji. Ni tambarare, na mitaa yake imenyooka kama rula kwa sababu ilijengwa upya baada ya tetemeko kubwa la Novemba 1, 1755. Wapenda maduka na mikahawa wapande kidogo hadi Chiado. Hapo kuna Bertrand, duka la vitabu lililoanza 1732, na A Brasileira, mkahawa wa tangu 1905 ambao nje yake amekaa mshairi Fernando Pessoa, wa shaba, akisubiri mtu wa kupiga naye picha.

Alfama ndiyo mtaa wa mapenzi: vichochoro, nguo zimeanikwa madirishani, harufu ya samaki wa kuchoma. Mtu wa Mji Mkongwe atajiona yuko nyumbani. Ila huko ndiko nyumba nyingi zimegeuzwa kuwa za wageni wa siku mbili tatu, na wapangaji wa zamani wamesukumwa nje na kodi. Sisi tulichagua gesti ndogo ya familia kule Graça, juu kidogo ya Alfama, ambako bado unakutana na bibi anayetoka sokoni na kikapu chake. Mkifanya hivyo, mtapata utulivu na mtakuwa na majirani wa kusalimiana nao asubuhi.

Mahali pa kula

Kanuni ni moja: tafuteni "tasca", yaani mgahawa mdogo wa mtaani, na mchana muulize "prato do dia", chakula cha siku hiyo. Kinashibisha, na bei yake ni nafuu kuliko ukiagiza kutoka kwenye menyu kubwa. Mkikaa tu, mhudumu ataleta mkate, siagi na zeituni bila kuulizwa. Jamani, si zawadi hiyo! Mkivigusa vinaingia kwenye bili. Kama hamvitaki, mwambieni kwa upole avirudishe.

Bacalhau ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kama papa mkavu wa kwetu. Hulowekwa kwanza, kisha hupikwa kwa namna nyingi mno. Lakini kilichonimaliza mimi ni pweza aliyeokwa, akamwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, pembeni viazi vya maganda. Msiokula nguruwe, likaririni neno "porco" kabla ya kuagiza, na jihadharini na "bifana", sandwichi inayouzwa kila kona: nyama yake ndiyo hiyo.

Kwa kitinda mlo, nendeni Belém mkale vikeki vya maziwa na mayai vinavyonyunyiziwa mdalasini. Duka la Pastéis de Belém linavioka tangu 1837. Foleni ni ndefu, lakini inatembea. Na siku mkichoka na chakula cha Kizungu, tafuteni mgahawa wa watu wa Cape Verde muagize cachupa. Ni mahindi na maharage, makande kabisa, ila yameongezewa nyama au samaki. Kwenye mikahawa mtaona pia "chamuças". Onjeni mtaniambia kama si sambusa.

Kutembea

Asubuhi pandeni mpaka Miradouro da Graça mkauone mji kabla jua halijawa kali, halafu mteremke taratibu kupitia Alfama mkitumia miguu yenu. Tramu namba 28 ni nzuri kwa macho, lakini hujaa, na vibaka wanajua hilo. Vile vigari vya kupandia mlima msivitegemee kwenye mipango yenu. Septemba 2025 kimoja, Elevador da Glória, kilipata ajali iliyoua watu 16.

Jioni, pandeni boti Cais do Sodré mvuke mto kwenda Cacilhas. Ni dakika kama kumi, mithili ya kwenda Kigamboni, kwa nauli ndogo. Wakati wa kurudi, mji wote unawaka taa mbele yenu. Msiwe na haraka ya kutoa simu. Shikaneni mikono kwanza.

Usiku ni wa fado, muziki wa majonzi na mapenzi ambao UNESCO iliutambua kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2011. Mwimbaji akianza, taa hupunguzwa na watu wote hunyamaza. Ukiongea utageuziwa macho.

Dhahabu ya Kilwa

Sasa nije kwenye kile kitu chetu. Mume wangu ni mtu wa Kilwa. Katika Museu Nacional de Arte Antiga kuna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyesha Ekaristi. Kinaitwa Custódia de Belém, kilikamilika 1506, na kina kimo cha zaidi ya sentimita 70. Kimetengenezwa kwa dhahabu ambayo Vasco da Gama alimlazimisha Sultani wa Kilwa kuitoa kama kodi katika safari yake ya pili, mwaka 1502. Miaka mitatu baadaye, Wareno walirudi wakauvamia mji wenyewe.

Mume wangu alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Mwisho akasema, "Kumbe ilikuja huku." Basi. Hakuongeza neno mpaka tumefika nje.

Kesho yake tulikwenda kwenye monasteri ya Jerónimos, alipozikwa da Gama. Jengo ni zuri, sitawadanganya. Mume wangu alisema hataki kuingia. Mimi niliingia. Baadaye tulikaa ukingoni mwa mto tukabishana kwa saa nzima kama inafaa kukipenda kitu kilichojengwa kwa mali ya namna ile. Hatukukubaliana. Lakini sikumbuki lini mara ya mwisho tulizungumza kwa saa nzima bila simu, bila kazi, bila ada za shule.

Tangu hapo tukawa tunasikia maneno kila kona. Mesa ni meza. Bandeira ni bendera. Lenço ni leso. Igreja ni kanisa, na wataalamu wanasema humo ndimo lilimotoka neno letu gereza. Kule Kilwa Kisiwani, ngome iliyoko ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo.

Kabla ya kufunga begi

• Viza ni ya Schengen. Ombeni mapema, na mkate bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

• Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba, ndiyo miezi mizuri. Agosti ni joto na msongamano.

• Mji hutoza wageni kodi ya euro 4 kwa kila mtu kwa usiku, kwa usiku usiozidi saba.

• Kutoka uwanja wa ndege kuna metro hadi mjini. Teksi si lazima.

• Makumbusho hufungwa kwa ukarabati mara kwa mara. Angalieni ratiba kwanza, hasa ya ile yenye dhahabu yetu.