Akiba ya Mifupa

Akiba haiozi, walisema wahenga, na kijana aisikiapo methali hii hukumbuka fedha au nafaka. Mimi napenda kukuonyesha, msomaji, akiba nyingine ambayo waichukua kila uendako: mifupa yako. Akiba hii ina sharti moja gumu: huwekwa ujanani, hutumiwa uzeeni.

Wengi hudhani kuwa mfupa ni kitu kikavu kama boriti ya nyumba. Sivyo, mfupa u hai. Katika mashamba ya chai ya huku kwetu Kapsoit, wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi, na baada ya siku chache mmea huchipua tena palepale. Mfupa nao huondolewa na kurudishwa: chembe hai nyingine huula, nyingine huujenga. Ujanani wajenzi huwashinda walaji. Ukaribiapo umri wa miaka 30 mfupa hufikia kilele cha nguvu zake. Baadaye walaji hushinda polepole, na kwa wanawake hushinda upesi zaidi baada ya hedhi kukoma. Mzee ateleza mlangoni akavunjika nyonga. Pengine upungufu wake ulianza alipokuwa na umri wako.

Wajenzi hao huamriwa na nini? Huamriwa na mzigo. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujiunda kwa kadiri ya nguvu zinazoulemea. Mkono ambao mchezaji wa tenisi hupigia mpira huwa na mfupa mnene kuliko mkono wake wa pili. Na warukao katika anga za juu, ambako miguu haibebi uzito wa mwili, hupungukiwa na mifupa mwezi baada ya mwezi.

Sasa tutazame mwenendo wetu. Mwanafunzi wa shule ya huku hupanda na kushuka vilima kwa miguu, huteka maji, hucheza mpira. Akiingia chuo kikuu, kama hiki cha Kabianga kilichopewa hati mwaka 2013, ni rahisi mno kwake kukaa tu: darasani, mbele ya kompyuta, kitandani na simu mkononi, na safari fupi huiendea kwa pikipiki. Lakini miaka hiyo ndiyo ya mwisho ya kuweka akiba. Huzuni iliyoje, ghala kufungwa na mwenyewe amesinzia!

Wala usidanganywe na mizani. Mizani hupima mwili mzima. Haisemi mafuta ni kiasi gani, misuli kiasi gani, na mifupa kiasi gani. Watu wawili wenye kilo 60 kila mmoja waweza kutofautiana sana ndani. Wembamba pekee si siha. Msichana ajinyimaye chakula ili apungue aweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika angali kijana.

Utaniambia kwamba Kericho ni nchi ya wakimbiaji. Ni kweli. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Hata hivyo mbio peke yake hazitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta baadhi ya wakimbiaji hodari wa Kenya wakiwa na uti wa mgongo wenye madini machache. Mfupa hutaka kuruka, kupanda na kubeba. Tena hutaka chakula cha kutosha, maziwa au mursik, omena waliwao na mifupa yao, mboga za majani, na jua.

Urithi wa wazazi una sehemu kubwa katika jambo hili, nawe huwezi kuubadili. Sehemu iliyobaki imo mikononi mwako, na zaidi imo miguuni mwako. Kamba ya kuruka haina bei kubwa, na vilima vya Kapsoit havitozi ada. Vipande ungali na miaka yako.