Mwenye Faida Naye Aulizwe

Marehemu baba yangu alikuwa na duka. Karani wake akimpunja mteja, hakusema, "Mwulizeni karani." Alikwenda mwenyewe kurejesha haki ya watu.

Nilimkumbuka Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipoamua kuwa Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushitakiwa nchini humo. Vijana waliokuwa Nairobi wakitazama picha za mauaji ili ziondolewe mtandaoni wanadai kazi hiyo iliwaumiza akili. Kampuni ilijitetea kwamba haina makao Kenya, na kwamba wakala ndiye aliyewaajiri. Uamuzi haukusema nani mkosaji. Ulifungua tu mlango wa tajiri kuulizwa.

Ziko picha ambazo hazikufika katika simu za wanangu kwa sababu mtoto wa mwenzangu alizitazama kwanza. Faida ya jasho lake ikivuka bahari, dhamana nayo na ivuke.