Panya Wako Shambani: Usingoje Mnyama wa Ulaya

Mwaka huu nimeulizwa swali moja katika vijiji vitatu. Vijana wameona kwenye simu mnyama mdogo, mrefu, mwembamba, mwenye miguu mifupi. Anaingizwa katika shimo la panya. Baada ya muda mfupi panya wanatoka mbio, na mbwa wanawamaliza nje. Vijana wananiambia, "Bwana shamba, tuletee mnyama huyo. Panya wanatumaliza."

Swali hilo si la mchezo. Nimefanya kazi ya ugani zaidi ya miaka 20, na mingi katika hiyo ni katika Mkoa wa Morogoro. Nimemwona mama mjane akipanda mahindi mara tatu katika shamba lile lile, msimu ule ule. Mara ya kwanza panya walifukua mbegu usiku wa siku aliyopanda. Mara ya pili walimwachia mche mmoja hapa, mwingine kule. Mara ya tatu alipanda mbegu ya kukopa, debe moja kwa kulipa madebe mawili, na mvua zilikuwa zimekwisha kwenda zake. Mtu kama huyo akikuuliza habari ya mnyama wa kuua panya, mjibu vizuri.

Mnyama huyo anaitwa feriti. Ni jamaa wa kicheche na nyegere. Watu wa Ulaya wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000. Kazi yake kubwa ya zamani ni kuwatoa sungura mashimoni. Mwindaji hutandaza nyavu kwenye milango ya shimo, humtia feriti ndani, sungura hukimbia na kunaswa. Kwa panya hutumiwa jike, kwa kuwa dume ni mnene mno kwa mashimo yao. Tena hafanyi kazi peke yake. Yeye hufukuza, na mbwa ndiye anayeua. Panya aliyebanwa shimoni ni mkali. Humng'ata feriti usoni, na jeraha likioza feriti hufa.

Je, tumlete? Mimi nasema hapana, na sababu ninazo. Feriti hawezi joto. Likifika nyuzi 30 anaweza kuzimia na kufa. Sasa fikiri mchana wa Kilosa mwezi wa Februari! Tena kuna ugonjwa mmoja wa virusi wa mbwa, unaoua watoto wengi wa mbwa. Ugonjwa huo ukimpata feriti, ni nadra kupona. Na jike asipopandwa, joto lake haliishi, damu humpungukia, hatimaye hufa. Mnyama wa namna hiyo anataka daktari wa mifugo aliye karibu. Wewe unajua daktari wa mifugo yuko umbali gani na kwako.

Sababu nyingine ni kubwa kuliko hizo. Mnyama mgeni ukimfungulia, humwezi tena. Mwaka 1872 mwenye mashamba mmoja wa kisiwa cha Jamaika alileta nguchiro tisa kutoka India, wamlie panya waliokuwa wakitafuna miwa yake. Kwanza watu walifurahi. Panya walipungua. Lakini nguchiro hutembea mchana na panya hutembea usiku, kwa hiyo nguchiro waliwageukia kuku, ndege wa msituni na mijusi. Haikupita miaka 20, watu wakawa wanalalamika juu ya nguchiro kama walivyolalamika juu ya panya. Nyuzilandi nako, katika miaka ya 1880, walifungulia feriti na wenzake ili waue sungura. Wakaua ndege wa nchi ile wasioweza kuruka. Mwaka 2002 serikali ya huko ilipiga marufuku kuuza na kuzalisha feriti.

Basi tuache mambo ya mbali. Tumtazame adui mwenyewe.

Panya anayefukua mbegu zako si yule mkubwa wa darini. Ni panya shamba, mdogo, wa rangi ya udongo. Mkamate jike umhesabu chuchu: zinaweza kufika 24. Hubeba mimba wiki tatu na siku chache tu, na uzao mmoja huwa na watoto 10, 11 au 12. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine hapo Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi. Wamegundua kwamba uzazi wake hufuata mvua. Majani machanga yakichipua, majike huanza kuwa tayari. Vuli ikiwa nzuri mno, watoto waliozaliwa mapema nao huzaa kabla ya mwaka kwisha. Hapo ndipo unapoona nchi nzima inatembea panya. Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukiona mvua za mwanzo zimenyesha kwa wingi, furahi, lakini tayarisha mitego.

Sasa mnyama wa kutusaidia ni nani? Mnaye tayari. Ni paka na mbwa.

Nchi ya Eswatini, kusini mwa Afrika, wataalamu walipima jinsi panya wanavyotembea na kula kwenye miji ya wakulima. Walitoa habari zao mwaka 2017. Penye paka peke yake, panya hawakujali sana. Penye mbwa peke yake, hivyo hivyo. Lakini penye paka na mbwa pamoja, panya waliogopa kutoka na kula. Mimi nilipozisoma habari hizo nilifurahi, maana watu wengi husema mbwa ni wa kubweka tu. Kumbe panya humhesabu mbwa kuwa ni hatari. Usimwue kila panya. Ukimtia hofu asile, chakula chako kimepona.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Ni kweli kwa nyumba na ghala. Kwa shamba lililo mbali na nyumba, paka hakusaidii. Na hata nyumbani, ukingoja panya wajae ndipo utafute paka, umechelewa. Mwingereza mmoja, Charles Elton, aliandika mwaka 1953 juu ya paka wa mashambani. Aliona kwamba paka hawawezi kuwamaliza panya waliokwisha kujaa. Lakini panya wakiondolewa kwanza kwa njia nyingine, paka huwazuia wasirudi. Tena paka hao walipewa maziwa kila siku ili wakae hapo hapo. Kuna watu wanaomnyima paka chakula, wakidhani njaa itamfanya mwindaji hodari. Paka mwenye njaa huhama. Huwa paka shume, akala vifaranga vya watu.

Bundi naye ni mwindaji. Najua yanayosemwa juu yake, na sitaki ugomvi na wazee. Lakini siku moja tazama chini ya mti anapolala. Utaona vidonge vya manyoya na mifupa. Vipasue. Ni mafuvu ya panya! Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asivyoweza kusaga. Usimpige mawe. Ila nisikudanganye. Huko Morogoro wataalamu walisimamisha nguzo na masanduku mashambani ili kuwavuta ndege wawindaji. Panya walipozungushiwa uzio wasitoke wala kuingia, wawindaji waliwapunguza. Katika shamba la wazi tofauti haikuonekana wazi, kwa sababu panya huhamahama, wakitoka huku wakiingia kule.

Hapo ndipo penye jambo. Shamba lako halina uzio. Ukiua panya 50 kwako, na jirani yako ana kichaka kisichofyekwa, wiki ijayo unao wake. Ndiyo maana mimi siku hizi siendi kwa mkulima mmoja kumwonyesha mitego. Naomba kitongoji kizima kikutane. Tunapatana juma la kupanda, wote kwa pamoja, ili panya wasipate shamba moja la kuliparamia. Vichaka na mabua ya mwaka uliopita husafishwa kabla. Mitego huwekwa kabla ya kupanda na huendelea kila usiku mpaka miche itimize wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo za hatari. Ukitega Jumatatu ukapumzika hadi Ijumaa, umewalisha chambo tu.

Mtego wa ndoo hauna gharama. Fukia ndoo hadi mdomo wake ulingane na ardhi, tia maji hadi nusu, pitisha fimbo nyembamba au waya juu yake, na katikati uchomeke gunzi lililopakwa pumba au karanga iliyotwangwa. Gunzi lizunguke. Panya akilikanyaga linamwangusha. Funika ndoo mchana, watoto wadogo wasije wakatumbukia.

Vijana wenye mbwa nao wana kazi, na ndiyo ile ile ya feriti. Baada ya mavuno fukueni mashimo kwa jembe, mbwa wasimame kwenye milango mingine. Watu wa kusini hufanya hivyo kwa ajili ya kitoweo. Mimi si mlaji, lakini wanajua kuwinda kuliko sisi.

Neno moja juu ya sumu. Kijiji kimoja nilichofanya kazi, watu walinunua gulioni sumu katika vipakiti visivyo na maandishi. Panya walikufa. Paka waliokula panya hao walikufa pia, na bundi wakaonekana chini ya miembe, mabawa wazi. Mvua zilizofuata panya walirudi, na hapakuwa na paka hata mmoja. Kama panya wamelipuka na sumu ni lazima, mwone bwana shamba wako. Atakuambia ipi, kiasi gani, na siku gani. Mizoga iokotwe asubuhi kwa koleo na kufukiwa.

Na ukiona panya wanakufa ovyo, bila kutegwa wala kuwekewa sumu, usiwaguse. Toa habari zahanati siku hiyo hiyo. Ndugu zetu wa Lushoto walisumbuliwa na tauni tangu mwaka 1980 kwa miaka mingi. Viroboto wa panya aliyekufa hutafuta mtu.

Ghala nalo liinue juu ya miguu, na kila mguu uuvishe bati kama mwamvuli, mita moja kutoka chini. Mti wowote usiliguse.

Kama kijijini kwenu paka wamekwisha, ulizieni kijiji cha jirani sasa, kabla ya mvua za kwanza. Chagua mtoto wa paka jike aliye mwindaji, na usimchukue kabla hajatimiza miezi miwili au mitatu. Mama yake ndiye anayemletea panya aliye nusu hai, amchezee, ajifunze mahali pa kung'ata.