Tuma na ya kutolea

Saluni yenyewe ni ya chumba kimoja, mjini Kondoa, hatua chache kutoka barabara iendayo Babati. Mwenye saluni anasuka, anaosha nywele, anaweka dawa, na msimu wa harusi anapamba maharusi. Juu ya kioo alibandika karatasi: "Ukilipa kwa simu weka na ya kutolea."

Aliibandika Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Makelele ya wananchi yalipozidi, Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma fedha. Lakini ada ya kutolea kwa wakala ilikuwapo kabla ya tozo na ikaendelea kuwapo. Karatasi nayo ikabaki palepale.

Wateja walizoea. Aliyeshindwa kuzoea ni wifi yake.

Wifi huyo anaishi Dar es Salaam. Kila mwezi alituma pesa ya dawa za presha za mama yake kupitia simu ya msusi, maana mama mkwe hana simu ya kupokelea pesa. Siku moja alituma elfu kumi nyingine, mama asukwe vizuri kwa ajili ya Idd. Msusi akampigia.

"Wifi, pesa imefika, ila hujaweka ya kutolea."

Wifi alinyamaza, akatuma elfu mbili, halafu akaanza kuwapigia ndugu. Kwamba mama anasukwa na mke wa mwanawe mwenyewe, na bado anadaiwa makato! Kuanzia hapo pesa ya dawa ikawa inapita kwa jirani. Jirani alikuwa mtu mwema, ila mara yuko shambani kwenye alizeti, mara simu haina chaji. Mwezi wa pili mama mkwe alikaa siku tisa bila dawa. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote. Ndivyo presha ilivyo: mtu anajiona mzima, kumbe inapanda. Siku ya kumi alizidiwa na kizunguzungu uani akapelekwa hospitali. Alilazwa siku mbili.

Mume wa msusi ni mwalimu wa shule ya msingi. Waliporudi hospitali hakugomba. Alichukua daftari, akamwomba mkewe simu, wakasoma meseji za mwezi mzima mpaka saa tano usiku. Msusi alikuwa akitoa pesa karibu kila jioni, elfu nane, elfu kumi na mbili, akihofia kuzila zikiwa kwenye simu. Viwango vya kutolea vinakwenda kwa ngazi, na anayetoa kidogo kidogo hukatwa sehemu kubwa zaidi ya pesa yake kuliko anayetoa nyingi kwa mkupuo. Jumla ikafika shilingi 31,000. Kodi ya chumba ni 50,000.

Kwa hiyo hakuwa mchoyo, ingawa hata mumewe alianza kuamini hivyo. Alikuwa anavuja. Tatizo ni kwamba alimkabidhi kila mteja kipande cha hasara yake na kukiita kwa jina. Uingereza, tangu Januari 2018, sheria inamkataza mfanyabiashara kumwongezea mteja bei kwa sababu tu amelipa kwa kadi yake binafsi. Makato huko hayajafa, yamo ndani ya bei ya kila mtu, na hakuna anayepigiwa simu kuulizwa.

Msusi alichukua lipa namba. Mwanzoni aliogopa, maana mtaani wanasema ukiwa nayo TRA wanakuona, lakini mumewe alimuuliza kama saluni yenye bango barabarani ilikuwa imejificha. Siku hizi rasta anazoagiza Dodoma analipia kutoka kwenye simu, na LUKU vilevile, bila kupitia kwa wakala. Pesa ya mkononi anatoa mara moja kwa wiki, Jumamosi. Bei ya kusuka imepanda shilingi 500 kwa wote, anayelipa noti na anayelipa kwa simu. Wateja wawili walihamia kwingine na mmoja amerudi. Makato ya mwezi uliofuata hayakufika elfu tisa.

Karatasi aliibandua mwenyewe, ikaacha alama ya gundi kwenye ukuta.

Kumwomba radhi wifi kulichukua muda zaidi. Alipiga simu mara mbili bila kupokewa. Mara ya tatu aliomba kitu kimoja tu, pesa ya dawa irudi kupitia kwake, na kama kuna kukatwa atakatwa yeye.

Idd iliyofuata wifi alikuja Kondoa. Alikaa kwenye kiti akasukwa kwa saa tatu, mama mkwe akiwa pembeni kwenye mkeka. Alipomaliza alisoma namba ukutani, akalipa elfu kumi na mia tano kamili.

"Na ya kutolea?" mama mkwe akauliza.

Msusi aliangua kicheko. Wifi alichelewa kidogo, kisha naye akacheka.