Pasaka Kibanda Umiza

Ukishuka Kwa Remmy, ukaiacha lami na kuruka mtaro, harufu ya mishikaki inakupokea kabla hujaliona banda. Twende taratibu. Ni Aprili ya 2012, masika yamechachamaa, na tope la Sinza halina adabu kwa mtu aliyevaa viatu vya sikukuu. Hilo hapo: mabati yaliyokula kutu, turubai la bluu, na kanga kuukuu iliyoning'inizwa mlangoni iwe pazia. Nje umeegemezwa ubao mweusi wenye ratiba ya chaki. Man U na QPR, saa 9:30. Arsenal na City, saa 12. Chini yake, kwa herufi ndogo: njoo na chenji.

Kando ya ubao yamebandikwa mabango ya filamu, maana siku zisizo na mpira banda hili huonyesha Bongo Movie, na sura inayotawala mabango hayo ni ya Steven Kanumba. Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, nyumbani kwake, hukuhuku Sinza. Jumamosi kutwa watu walimiminika kwa miguu kuelekea nyumbani hapo, mtaa wa Sinza Vatican, akina mama wamejifunga kanga kiunoni, vijana wakibishana kwa sauti za chini juu ya habari ambazo hakuna aliyekuwa na uhakika nazo. Mwenye banda hakufungua. Hata watu wa Simba, ambao timu yao ilikuwa imetoka kuing'oa ES Sétif ya Algeria kwa bao la ugenini la Okwi, hawakupata wa kumtambia.

Jumapili ya Pasaka akafungua, ila kwanza alichukua kitambaa akayafuta mabango yale vumbi, moja baada ya jingine.

Ingia, inama kidogo, kuna mbao hapo juu. Mabenchi hayana migongo, kwa hiyo unaegemea magoti ya aliye nyuma yako, naye haoni ajabu. Pangaboi linazunguka kwa uvivu na kusambaza jasho, moshi wa sigara na harufu ya pilau waliyokuja nayo watu kwenye nguo. Mtoto wa karanga anapita katikati ya mguu na mguu huku akitingisha sarafu kiganjani. Sisi wa Arsenal tunakaa kushoto, karibu na ukuta wa mabati. Nani alipanga hivyo sijui. Watu wa Man U wameshamaliza kazi yao, wameifunga QPR 2–0, lakini hawaondoki. Leo wanatuombea dua, maana City ndio wanaowania nao ubingwa. Sijawahi kupendwa na watu wa Man U kama jioni ile.

Dakika zikayoyoma bila bao. Ilipofika ya 87, Mikel Arteta akaupora mpira, akasogea nao hatua chache, akaachia shuti la chini kutoka mbali. Sikuliona likiingia. Niliona migongo, nikasikia mabati yakipigwa ngumi, na karanga za mtu zikanimwagikia kichwani. Kisha Balotelli wa City akala kadi nyekundu na banda zima likampungia mkono wa kwaheri. City wakaachwa pointi 8, mechi zimebaki 6. Mmoja wa Man U alitoka nje, akachukua chaki na kuandika ubingwa palepale ubaoni. Mei 13 Agüero wa City alikuja kuyafuta maandishi yale, lakini hiyo ni jioni nyingine, na mimi siyo wa kuisimulia.

Ilipogonga saa 3 usiku watu walikuwa wameshatawanyika. Akabaki mjomba wangu, mlinzi wa banda, na rimoti ambayo mwenye banda alimwachia usiku mmoja tu kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Masters, mashindano ya gofu. Ujana wake aliumalizia Gymkhana, karibu na Ocean Road, akibeba mikoba ya wacheza gofu. Aliinjika chai ya tangawizi kwenye jiko la mkaa, akapunguza sauti ya runinga, akaniita kwa lile jina tunaloitana wote wawili.

"Mjomba, kaa. Huku hakuna kupiga mabati."

Uwanja wa Augusta ukatokea, kijani mno, na banda lilelile lenye maganda ya karanga sakafuni likawa mahali pengine. Mjomba hakuwatazama wachezaji. Alitazama makedi, wale wabeba mikoba waliovaa ovaroli nyeupe, wanavyopima umbali, wanavyoshika bendera, wanaposimama ili kivuli kisikatize njia ya mpira. Alinieleza kuwa zamani viwanja vingi vya kwetu havikuwa na grini za nyasi kuzunguka mashimo. Kulimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chakavu, na kedi ndiye aliyeusawazisha kabla bwana hajapiga. Alinionyesha kwa mguu pale sakafuni, akayasogeza maganda pembeni mpaka ikapatikana njia nyembamba, nyoofu. Oili ile, alisema, haikutoka kucha hata ukisugua na jivu.

Yapata saa 4, Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini alipiga mpira kutoka yadi 253, ukadunda, ukabingirika, ukakata kona kama mtu aliyekumbuka kwao, ukatumbukia. Shimo la pili, ambalo pa yake, yaani hesabu yake, ni mipigo 5, yeye kalimaliza kwa 2. Mjomba alisimama kimya, akavua kofia yake ya ulinzi, akaivaa tena. Kuanzia hapo tukawa watu wa Oosthuizen. Mvua ikaja ikapiga bati, picha ikakatakata, ikarudi. Saa 8 usiku walikuwa wamefungana, yeye na Bubba Watson, yule Mmarekani anayepiga kwa mkono wa kushoto, na ikabidi waendelee na mashimo ya ziada. Kwenye la pili la ziada mpira wa Bubba uliangukia msituni, kwenye majani makavu ya misonobari, na bendera haikuonekana kabisa. Akaupinda mpira ule ukazunguka miti na kutua grini. Kisha akalia mabegani kwa mama yake.

"Huyu hajafundishwa na mtu," Mjomba akasema, na sikujua kama anamsifu au analalamika.

Asubuhi ya Jumatatu, kwa mama wa chapati, mazungumzo yalikuwa mawili tu: Arteta na mazishi ya Kanumba. Mjomba, macho mekundu, akajaribu kuingiza la tatu.

"Jana Mmarekani kachukua."

"Ngapi ngapi?" mama akauliza huku akigeuza chapati.

"Wote kumi chini ya pa, wakaongezewa."

"Kumi kumi!" Akaacha kugeuza. "Jamani, hao magolikipa walikuwa wamelala?"