Mkasi wa Makali Matano

Jiko la Njoro, mjini Moshi, tulilolikuta lilitegemea kisu kimoja. Hicho hicho kilimenya ndizi mshare za mtori, kikakata nyama, kikakata na sukuma wiki bila ubao: majani yamekunjwa pamoja, yamebanwa mkono wa kushoto, makali yakielekea kidole gumba. Wembamba wa mboga ulikuwa kipimo cha malezi, na aliyekata vipande vipana aliulizwa kama anamkatia ng'ombe. Makali yenyewe yalikuwa na safari yake. Zamani wahunzi wa Uchagani walipata chuma kutoka Ugweno, kule Upare. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, njia ya bidhaa za viwandani ilifupika. Hata hivyo, mkono uliokata mboga ulibaki nyumbani. Kilichohama baadaye ni kazi yenyewe. Leo ukifika soko la Mbuyuni, au kwenye genge lolote la mtaani, muuzaji anakukatia sukuma wiki huku mnaongea bei, na kwa wembamba ambao wengi wetu hatuufikii.

Ndiyo maana naona mkasi wa makali matano, ule wenye jozi tano za makali kwenye mpini mmoja zilizoachana kwa milimita chache, umekuja kujibu swali ambalo genge limeshalijibu. Ubora wake upo, tusiukatae: giligilani na vitunguu vya majani unavikata haraka na kwa usawa, moja kwa moja juu ya bakuli la kachumbari. Lakini ulishe majani manne ya sukuma wiki yaliyokunjwa, uone. Mkasi wa kawaida hukata pale tu makali mawili yanapopishana, ndiyo maana hautaki nguvu nyingi. Huu una mapishano matano kwa mpigo, na gharama yake inalipwa na kiganja. Jani likiwa nene, makali yanatanuka na mboga inateleza katikati ikiwa imepondwa. Ndizi mbichi ndiyo usiseme, utomvu wake unaganda kwenye nafasi zile na kuwa mweusi.

Watetezi wake wana hoja mbili. Ya kwanza ni usalama: mtoto au mzee atajikata kidogo kuliko akishika kisu. Kwa mtoto anayekata giligilani nakubali. Kwa mzee mwenye maumivu ya vidole sikubali, kwa sababu kifaa kinachodai kubanwa kwa nguvu ndicho kinachomtesa zaidi. Hoja ya pili ni nzito, nayo ni usafi. Mboga iliyokatwa gengeni hukatwa kabla ya kuoshwa, na ukiiosha baada ya kukatwa, vitamini C, ambayo huyeyuka katika maji, inaondoka na maji hayo. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kununua fungu zima, kuliosha na kulikata mwenyewe. Ila hiyo ni hoja ya kukatia nyumbani. Haichagui kati ya kisu na mkasi. Tena muda ambao mkasi unaokoa katika kukata unarudi wakati wa kuuosha, maana kila nafasi kati ya makali inahifadhi majani yake.

Kisha kuna kunoa, jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Kisu kikifa makali, kitako cha kikombe cha udongo kinatosha, au fundi wa kunoa anayepita na baiskeli yake. Jiwe lake la mviringo haliingii kati ya makali matano. Kwa hiyo mkasi ukichoka unashushwa cheo, unakwenda kuchana karatasi zenye majina na namba za watu kabla ya kutupwa, kazi ambayo, kwa maoni yangu, unaiweza kuliko mboga. Kile kitana cha plastiki kinachouzwa nao kwa kusafishia huwa kimeshapotea, na njiti ya kiberiti imechukua nafasi yake.