Mbao za Masisi, Vyumba vya Goma

Mwana wa dada yangu anafanya biashara Mubi, kule Walikale, na sasa ana dola za kununua parseli Goma. Anataka milango minne au mitano ya kupangisha kwenye uwanja mmoja. Akanipigia simu: "Mjomba, kati ya Himbi na Ndosho, wapi pesa inarudi mbio?" Nikamuuliza maji ya wapangaji yatatoka wapi. Akasema hayo ni mambo ya mpangaji.

Mambo ya mpangaji! Wazee wetu waliposhuka kutoka Masisi, maji ndiyo waliyouliza kabla ya bei.

Baba aliuza ng'ombe ili tupate pa kulala Goma wakati wa masomo, na vyumba vichache vya pembeni vitulipie karo. Nimefungua karatasi ya mauziano: 1988. Watu wa Masisi walinunua magharibi mwa mji, kuelekea Sake, kwa sababu lori la nyumbani lilipita hapo. Viazi, maharagwe, formaji na habari za msiba vilishukia barabarani, na mpangaji alikuwa mtu wa njia hiyo hiyo, ambaye kwao mnakujua.

Lakini aliyemchagulia baba kartie alikuwa mzee mmoja muuza mbao. Depo yake uliisikia puani kabla ya kuiona: mikaratusi mibichi ya Masisi, iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono, na mvua ikinyesha harufu ile inapanda hadi machozi yanakutoka. Mara moja moja alipata mbao nyekundu za msitu wa Walikale. Hizo aliziweka ndani, na watoto tulikatazwa kuzikalia. Hakumuuzia mtu ubao bila kumuuliza anajenga avenyu gani. Daftari lake la madeni lilimweleza mji mzima. Mwenye vyumba akilipa deni kila mwisho wa mwezi, basi wapangaji wake nao wanalipa. Avenyu ambayo watu wanarudi kununua misumari michache michache, alisema, usiiguse. Avenyu inayoagiza mbao za kuongeza vyoo, kimbilia: watu wamezidi na wengine wanakuja.

Kisha alimtuma kijana na mtaimbo achimbe kidogo pale ambapo choo kingekaa. Mwamba wa lava wa Goma hauna huruma. Shimo moja linaweza kumeza pesa ya chumba kizima. Na kwenye mabonde ya kuelekea Mugunga alimwambia baba aende alfajiri, kabla upepo haujaamka, aangalie kama kuna ndege au mijusi waliokufa. Hiyo ni mazuku, hewa nzito itokayo ardhini, na mtoto analala chini kuliko mtu mzima. Leo nawaona makomisioneri, madalali wa viwanja, wakiuza mabonde hayo saa sita mchana, jua linawaka, wamevaa viatu vya kung'aa.

Januari 2002 lava ya volkano ilipita katikati ya mji, ikala Birere na Murara. Magharibi ikabaki, na bei ikapanda. Miaka hiyo hiyo kasiterite, madini ya bati, ilianza kutoka Bisie, kule Walikale. Ndege zilitua huko huko, juu ya lami ya barabara ya Kilambo, na wenye pesa wa Walikale wakaja kujenga kwa matofali. Mashirika nayo yakakodi Himbi kwa bei ambayo hakuna mwalimu angeweza kuilipa. Hapo kila mtu akajenga kwa ajili ya mgeni. Sheria ya mwisho wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Nenda ukamwambie hivyo mwenye nyumba wa Goma anayedai sita, na komisioneri anayesubiri fungu lake mlangoni. Mwaka 2021 lava ilitoka tena, ikasimama Buhene, tukashukuru, tukaendelea kupandisha kodi.

Januari 2025, vita vilipofika mjini, benki zilifungwa na uwanja wa ndege pia, na wageni wengi wakaondoka. Majumba ya Himbi yakakosa wapangaji, na kodi ikashuka. Muuza maharagwe aliyetoka Masisi bado anahitaji chumba kimoja, leo zaidi ya jana.

Kijana hajanunua bado. Akienda Himbi, shauri yake. Mimi dola zangu ningeziweka Ndosho, ndani kidogo ya barabara ya Sake, pasipo bonde, karibu na bomba linalotoa maji kweli: vyumba vinne vya mbao, choo kilichochimbwa kabla ya vyumba, na garanti ya miezi mitatu.